Picha ya Kabla

Maneno haya, juu ya picha za ubongo na magonjwa ya virusi, niliyasema Jumamosi moja mchana pale Upanga, Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wa udaktari na radiolojia, wauguzi, na watu wa mtaani walioingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi na feni zilikuwa zinazunguka. Nimeyaandika kutoka kwenye simu iliyokuwa inarekodi. Nimeondoa kikohozi, na dakika sita za ugomvi wangu na projekta.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Mimi ni mpiga picha. Nikijitambulisha hivyo msibani, haipiti dakika mtu ananiomba namba: binti yake ana sendofu mwezi ujao. Inabidi nieleze kwamba wateja wangu mimi hawatabasamu. Wanalala chali ndani ya bomba la MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, nusu saa nzima bila kutikisika, na bomba lenyewe linagonga kama fundi bati. Wakitoka hawaulizi wametokeaje. Wanauliza kuna nini.

Sasa, siku moja nilipanda bajaji kutoka Mwananyamala. Pale mbele kwa dereva ilikuwa inaning'inia CD, inazunguka, na kila tukikata kona inanimulika machoni. Mnazijua hizo, kwa kawaida huwa za taarabu zilizokwisha kukwaruzika. Hii ilikuwa na mwandiko wa kalamu nyeusi wa aina ninayoifahamu, maana nimeuandika mimi mwenyewe mara nyingi kuliko jina langu: MRI, kichwa, tarehe. Jina la mgonjwa lilikuwa limeliwa na jua. Nikamwuliza dereva, kaka, hii umeipata wapi? Akasema ni ya marehemu bibi yake. "Ilikuwa imekaa tu, mzee."

Sikumlaumu, na nitawaambia kwa nini. Mahali nilipoanzia kazi, sitapataja, seva ya picha ilikuwa inajaa kila baada ya miezi michache. Pesa ya seva kubwa haikuwapo, kwa hiyo utaratibu ulikuwa kufuta za zamani. Aliyekuwa anafuta ni mimi, kwa kidole hiki. Jumatatu asubuhi kabla foleni haijaanza unachagua mwezi, unabonyeza, mashine inauliza una hakika, unasema ndiyo, unakwenda kunywa chai. Ile CD ya bajaji yawezekana ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani ya kile kichwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakuwahi kuweka akiba kwenye CD.

Nimepewa dakika 40 nizungumze juu ya picha za ubongo ambazo watafiti wa dunia wanashirikishana, na jinsi zinavyosaidia kuyaelewa magonjwa ya virusi. Nina jambo moja tu la kusema humo. Picha yenye thamani kuliko zote ni ile iliyopigwa kabla ya ugonjwa kufika, na hiyo huwezi kuipiga ugonjwa ukishafika. Ama ulikuwa umeitunza, ama huna.

Twende Uingereza kidogo, tutarudi.

Kati ya mwaka 2006 na 2010 mradi unaoitwa UK Biobank uliwaandikia barua watu wapatao milioni 9 wa umri wa miaka 40 hadi 69. Nusu milioni wakakubali. Wakatoa damu na mkojo, wakapimwa, wakajibu maswali ya wanakula nini na wanalala saa ngapi. Mwaka 2014 wakaanza kuitwa kwenye picha: ubongo, moyo, mifupa. Lengo lilikuwa watu 100,000, na limefikiwa 2025. Walipoanza, waliokuwa akilini mwao ni wazee wa kesho, kiharusi, kusahau. Korona haikuwa kwenye karatasi yoyote.

Ikaja 2020. Upigaji picha ukasimamishwa kama kila kitu kilivyosimama. Halafu wakapata wazo ambalo ukilisikia unajiuliza mbona hukulipata wewe: tunazo bongo za makumi ya maelfu ya watu, zimepigwa picha wakati ugonjwa huu haupo duniani. Tuwaite warudi.

(Nimesema "bongo", ndiyo, ni wingi wa ubongo. Mnaocheka pale nyuma nawaona. Mji huu ulipewa jina hilo kwa sababu kuishi hapa kunataka akili.)

Kundi la watafiti wa Oxford lililoongozwa na Gwenaëlle Douaud lilitoa matokeo katika jarida la Nature, Machi 2022. Walikuwa watu 785, wa miaka 51 hadi 81, kila mmoja na picha mbili, ya pili ikiwa imepigwa miaka mitatu hivi baada ya ya kwanza. Mashine za aina moja, vituo vile vile. Kati yao 401 walikuwa wameambukizwa katikati ya picha hizo mbili. Waliobaki 384 hawakuwa wameambukizwa, na walichaguliwa wafanane na wenzao kwa umri, kwa jinsia, na kwa muda uliopita kati ya picha na picha. Katika wale 401, waliolazwa hospitali ni 15 tu. Wengine waliugua ile ya kukaa nyumbani na tangawizi.

Walichoona ni hiki. Walioambukizwa walikuwa wamepungukiwa zaidi na tabaka la kijivu, lile lenye seli za fahamu, hasa sehemu mbili: moja ipo mbele, juu ya mboni za macho, na nyingine ipo ndani, jirani na mahali ubongo unapohifadhi kumbukumbu. Sehemu hizo zimeungana na njia za harufu. Tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa asilimia 0.2 hadi 2. Ubongo mzima nao ulikuwa umesinyaa kidogo zaidi. Wakipewa kalamu wafuate namba na herufi kwa mpangilio kwenye karatasi, walioambukizwa walichelewa. Watafiti wakawaondoa wale 15 waliolazwa, wakahesabu upya. Tofauti ikabaki.

Asilimia 2, mtu atasema ni nini hiyo. Basi linganisha: katika umri huo, eneo la kumbukumbu hupungua kwa uzee wenyewe kama asilimia 0.2 au 0.3 kwa mwaka. Lakini sitaki mtoke hapa mnashika vichwa. Ni wastani wa watu wengi, picha ya pili ilipigwa kama miezi minne na nusu tu baada ya kuugua, na utafiti huo hausemi ubongo unarudi au haurudi. Mimi kinachonikosesha usingizi ni ile picha ya kwanza.

Bila ya picha ya kwanza, utafiti wote huo ungekufa kwa swali moja. Umewapiga picha waliougua, umeona maeneo fulani ni membamba, vizuri. Umejuaje hayakuwa membamba tangu zamani? Pengine wenye ubongo wa namna hiyo ndio huambukizwa kirahisi. Ni sawa na fundi kuja kukagua ukuta wako baada ya masika. Ufa upo, wote mnauona. Ulikuwapo kabla ya mvua? Kama hukuutazama Februari, mtabishana na fundi hadi magharibi, na atakayelipa ni wewe.

Niliwahi kuwa na jirani mama lishe. Kwenye 2021, wakati ule tunasema "changamoto ya upumuaji" na kila nyumba inanuka mchaichai wa kujifukiza, aliugua wiki mbili, akapona, akarudi kwenye meko yake. Kukawa na jambo: maharage yanaungua. Amesimama juu ya sufuria, moshi unatoka, sisi tunausikia kutoka barabarani, yeye anaendelea na hadithi. Mwisho akawa anamkalisha mwanawe wa miaka tisa jikoni awe pua yake. Mtoto anafanya hesabu za shule, ghafla anainua kichwa: "Mama, yameanza." Nimekaa miaka mingi na mashine za mabilioni, na bado kile ndicho kipimo kilichoniingia moyoni. Picha ya ubongo wa yule mama haipo, ya kabla wala ya baada. Hakuna daktari atakayemwandikia MRI kwa sababu ya maharage, na akiniuliza mimi kama alipie, nitamwambia pesa hiyo anunue gesi.

Turudi kwenye upatikanaji, maana ndiyo mada. Kijana wa hapa anaweza kuzigusa picha za wale Waingereza? Anaweza. Taasisi yake inaomba, inaeleza inataka kuchunguza nini, inalipa ada, na ada hiyo hupunguzwa kwa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo. Siku hizi hushushi data kwenye kompyuta yako. Unaingia kwenye jukwaa lao mtandaoni na kufanyia kazi humo humo. Wengine hawapendi utaratibu huo. Mimi kwa hali ya umeme na intaneti yetu naona ni neema, mradi usisahau kwamba saa za kompyuta zao nazo zina bei.

Lipo ghala jingine, OpenNeuro, la watu wa Stanford wakiongozwa na Russell Poldrack. Lilianza 2010 kwa jina jingine. Humo huombi mtu. Unaingia, unachagua, unashusha, unaondoka. Picha moja ya umbo la ubongo, ikishabanwa, ina MB 10 au zaidi kidogo. Za watu 50 unaziweza kwa bando la usiku. Ukitaka na zile za mwendo wa damu wakati mtu anafikiri, hapo ni GB kwa makumi na mamia, mwombe mtu wa mtandao wa chuo, na umwombe vizuri.

Fungua folda moja tuone. Ndani kuna folda nyingine nyingi: sub-01, sub-02, sub-03. Hao ndio watu. Kila mmoja ana faili ya picha, na pembeni yake faili ndogo ya maandishi inayosema mashine ilikuwa ya nguvu gani na ilipigaje. Juu kabisa kuna jedwali: umri, jinsia, ameugua au hajaugua. Mpangilio huo unaitwa BIDS, ulichapishwa 2016. Unaonekana ni jambo la karani tu, lakini kabla yake kila maabara ilikuwa na majina yake ya ajabu, mgonjwa_mpya, mgonjwa_mpya2, mgonjwa_mpya2_mwisho_kabisa. Mnacheka kwa sababu mnazo nyumbani. Kwa BIDS, programu iliyoandikwa mji mwingine inasoma folda yako bila kukupigia simu.

Na ukiifungua ile picha yenyewe, unakuta mchemraba uliokatwa vijichemraba vya milimita moja, 256 kwa 256 kwa 176. Zaidi ya milioni 11, kila kimoja na namba yake ya weupe. Hakuna zaidi ya hapo. Mwanafunzi wa Upanga na profesa wa Oxford wanatazama namba zile zile.

Ila vichwa vilivyomo si vyetu. Katika ile nusu milioni ya UK Biobank, kama asilimia 95 ni Wazungu. Ni watu walioitikia barua, na wanaoitikia barua huwa na afya na nafasi kuliko majirani zao. Hawajakulia kwenye malaria. Ukitaka kujua virusi fulani vinaufanyia nini ubongo wa kijana wa miaka 22 wa Tandale, ghala lile litakupa mbinu, halitakupa jibu.

Hapa nataka tuangalie ramani. Nisaidieni kuitikia. Mwaka 1937, mwanamke mmoja ana homa katika wilaya ya West Nile, Uganda. Wanasayansi wanapata kirusi kipya kwenye damu yake. Kirusi kikapewa jina gani? West Nile. Mwaka 1947, tumbili wa uchunguzi katika msitu ulio karibu na Entebbe. Msitu unaitwaje? Zika. Mwaka 1959, huko huko Uganda, watu wanaumwa viungo na Waacholi wanaupa ugonjwa jina: o'nyong'nyong. Homa ya Bonde la Ufa, haina haja ya kuuliza bonde la nani. Na 1952, hapa kwetu kabisa, nyanda za Makonde, Newala: watu wanapinda kwa maumivu hata kusimama hawawezi, na Wamakonde wanatoa neno la kuelezea mtu aliyekunjamana. Leo daktari wa Brazil au India analitamka neno hilo bila kujua ni la Kimakonde. Chikungunya.

Sasa nionesheni picha za ubongo. Za West Nile utazikuta zaidi Marekani, baada ya kirusi kuingia New York 1999. Za Zika ni Brazil, kuanzia 2015: vichwa vidogo vya watoto wachanga, na vidoadoa vya chokaa kwenye mpaka wa tabaka la kijivu na jeupe. Za chikungunya utaelekezwa Réunion, kisiwa kile cha Ufaransa katika bahari yetu hii hii, ambako 2005 na 2006 theluthi ya wakazi waliambukizwa, na madaktari wakaona kwa MRI madhara kwenye sehemu nyeupe ya ubongo wa watoto walioambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa. Sisi tumetoa majina. Picha wametoa wengine.

Mtasema wao walikuwa na mashine. Kweli, sehemu kubwa ya jibu ni hiyo. Lakini nani humu hakuugua au hakuuguza dengi, 2014 au 2019? Kinondoni, Ilala, Temeke, hakukuwa na pa kujificha. Wengi walipona kwa maji na kupumzika. Wachache walichanganyikiwa, walipata degedege, wakaletwa kwetu na ndugu wamewashika mikono. Baadhi niliwapiga picha mimi. Ziko wapi? Jumatatu asubuhi. Chai.

VVU ndivyo vilivyokaa nasi muda mrefu kuliko vyote. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini waligundulika Kagera, 1983. Kirusi hiki huingia kwenye ubongo mapema, wiki chache tu baada ya maambukizi, kimejificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Hakiishambulii seli ya fahamu yenyewe. Hukaa kwenye walinzi wa ubongo, na walinzi wakiwaka moto nyumba nayo huungua polepole. Mwaka 2021 watafiti wa ENIGMA, mtandao unaounganisha watu wa picha za ubongo duniani, walikusanya vipimo vya watu 1,203 wenye VVU kutoka makundi 13, Afrika ikiwamo. Wenye CD4 za chini, yaani kinga ya mwili imeshuka, walikuwa na sehemu ndogo zaidi za kumbukumbu, na hata wale ambao virusi bado vinaonekana kwenye damu zao ilikuwa hivyo. Kundi moja peke yake, la watu 60 au 100, lisingeweza kuliona hilo kwa uhakika. Makundi 13 yakiwekwa pamoja, linaonekana.

Na ENIGMA, ambao walianza 2009, wana njia ninayoipenda kwa nchi kama yetu. Mara nyingi picha haisafiri. Kila hospitali inapewa programu ile ile, inaiendesha kwenye picha zake ikiwa hapo hapo ilipo, halafu inatuma namba tu: unene huu, ujazo huu, umri huu. Vichwa vinabaki nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu najua swali linalokuja. Tuwape picha zetu, watufanyie nini nazo? Watu wa huku wamechukuliwa damu miaka nenda rudi, makala zikaandikwa, majina ya wenyeji yakawekwa pale mwisho kwenye shukrani. Hasira hiyo naielewa, mimi mwenyewe ninayo kidogo. Na picha ya kichwa ina hatari yake. Nilipigwa MRI miaka michache iliyopita, mafunzoni, tukiijaribu mashine. Jioni nikaichukua ile picha, nikaiambia kompyuta ichore ngozi ya juu tu. Kikatoka kichwa cha kijivu, kipara, macho yamefumba. Mwanangu alikuwa anapita na kikombe cha uji. Akasimama. "Baba, mbona umenyolewa?"

Hakuna jina kwenye faili ile, hakuna tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa darasa la pili amenitambua. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwafanyia hivyo watu 84 waliojitolea, wakalinganisha na picha zao za kawaida kwa programu ya kutambua sura. Iliwapata 70. Ndiyo maana kabla ya kuweka picha ghalani inapitishwa kwenye programu inayofuta pua, macho na mdomo na kuuacha ubongo. Ukifungua za OpenNeuro utaona watu wasio na uso. Mara ya kwanza inatisha, unazoea.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile za kulindwa kwa ukali. Utafiti unataka kibali cha maadili, na data ya kuvuka mpaka inataka mkataba wake. Nasikia vijana wanalalamika kwamba ni urasimu. Sehemu ni urasimu, sehemu ni haki ya yule mama lishe. Ninachokikataa ni kuitumia sheria kama kisingizio cha kutofanya kitu, kwa sababu tunachokifanya sasa hivi tunafuta, na picha niliyoifuta sikumlinda nayo mtu yeyote.

Tatizo kubwa mimi naliona kwenye lugha. Fomu ya ridhaa inasema "tunaomba kutumia data zako". Nilimsomea mzee mmoja sentensi hiyo, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, data zangu zimeisha tangu jana, sijanunua bando." Nikaiweka fomu chini. Nikamwambia, mzee, picha ya kichwa chako naomba niitunze. Nitafuta jina, nitafuta uso. Watu wanaosoma magonjwa, wa hapa na wa ng'ambo, wataitazama. Ukikataa, dawa ni zile zile na mimi ni yule yule. Akauliza: "Itawasaidia wajukuu?" Nikasema pengine. Akasema, "Basi itunze, ila pua yangu uniachie." Tulicheka, lakini pua nilifuta.

Kwa hiyo, ninyi mnaohitimu mwaka huu: mtapelekwa mikoani, mtakuta mashine, mtakuta seva imejaa, na mtu atawaonesha kitufe. Diski ya kuhifadhia ya TB 4 leo ni bei ya simu ya kawaida. Hospitali ikikataa kununua, piga kelele kwenye kikao, kwa maandishi, mara tatu. Anza na picha ambazo wenyewe wameridhia. Hata za kawaida, hata za walioonekana wazima. Hasa za walioonekana wazima, kwa sababu hizo ndizo picha za kabla za ugonjwa ambao bado hauna jina. Na kwa historia yetu, jina lenyewe linaweza kutoka hapa.

Hapo ndipo nilipoishia, mwenyekiti akafungua maswali. Wanafunzi wakauliza mambo ya ada na programu, nikawajibu. Kisha akasimama mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa karibu na mlango, kitenge cha bluu, mfuko wa sokoni miguuni. Akasema yeye si mtu wa hospitali, aliingia kumsubiri binti yake. Aliugua 2021. Hadi leo hasikii harufu ya mafuta ya taa, na pilau kwake ni wali wa kahawia. Akauliza: "Hiyo picha yangu ya kabla, mimi naipata wapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme pole, haipo. Kitu kikaniambia niulize. Mama, umewahi kupigwa picha ya kichwa? Akafikiri. Akasema 2018 alianguka na bodaboda Tabata, akawa anaumwa kichwa miezi, wakampeleka. Nikamwuliza, mashine ya haraka haraka au ile ya kelele? Ukumbi mzima ukamjibia, akacheka naye: "Hiyo hiyo, ya fundi bati." Alipewa CD? Alipewa. Ipo? "Labda kabatini."

Amenipigia juzi. Ipo, ilikuwa chini ya vyeti vya ubatizo vya watoto, ina mkwaruzo mmoja mrefu. Binti yake ameiingiza kwenye bahasha. Kompyuta yangu mpya haina mahali pa kuingiza CD, kwa hiyo kesho nakwenda Kariakoo kutafuta kisomeo.